Timu Isiyodai

Harclough, Lancashire
13 Septemba 1886

Kwa Shangazi Zillah mpendwa,

Shikamoo Shangazi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama ambalo linatabiri mvua kila siku, na kwa kuwa hapa mvua hunyesha kila siku, limepata sifa ya unabii. Mtoto wa dada Dorcas ameota jino na amelijaribu kwenye kidole changu. Mimi bado ni fundi wa mitambo ya kufuma pale kiwandani. Baba hajambo.

Sasa nikupe habari yenyewe. Vijana wa darasa letu la Biblia tumeunda timu ya mpira, inaitwa Bethesda, nami ndiye nahodha. Najua wewe mume wako marehemu alikuwa na baa ambayo timu nzima hubadilishia nguo ghorofani, na mabishano yote ya mpira wa Sheffield huishia kaunta kwako. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Hapa sina wa kumlilia.

Mzee wa kanisa, Bwana Josiah Crompton, ametupa uwanja wake hadi Pasaka. Kama kufikia hapo hajaona matunda, uwanja unarudi kuanikiwa nguo za kiwanda chake, na timu ndiyo basi tena. Baba naye, kama mchungaji wetu, alikubali, lakini kwa sharti moja. Mchezaji wa Bethesda haruhusiwi kudai. Anasema kumpigia kelele mwamuzi ni kumshitaki jirani, na jirani aliyekosa ataungama mwenyewe, dhamiri itamsuta.

Shangazi, tumecheza mechi yetu ya kwanza na dhamiri haikumsuta mtu. Jamaa wa upande wa pili waliushika mpira kama wanakanda unga wa mkate. Wewe unajua sheria, kila timu ina mwamuzi wake mwenye kijiti cha kuinua, refa huamua wakipingana, na mwamuzi hatoi chochote mpaka mchezaji adai. Basi sisi tukawatazama waamuzi, waamuzi wakatutazama sisi, refa akatazama saa yake. Tumefungwa tisa.

Kipa wetu Nat Pilling, yule bonge la mtu mwenye moyo wa kifaranga, alilia njia nzima kurudi nyumbani. Tufanyeje?

Wako akupendaye,
Abner Haslam


Sheffield
20 Septemba 1886

Mwanangu Abner,

Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima. Moshi wa viwanda vya visu haujaniua na sidhani sasa utapata nafasi. Wachezaji walibadilisha nguo ghorofani Jumamosi, tope likapenya kwenye dari likaangukia sufuria ya supu. Wateja wakaniambia supu ya leo ina ladha nzuri, nimeongeza nini? Nikawaambia ni siri ya familia.

Barua yako niliisoma kaunta, nikacheka mpaka wakadhani nalia, mmoja akavua kofia akaniuliza nani kafa. Nikamwambia, timu ya mpwa wangu.

Sasa sikiliza. Sheria hiyo nimeibandika ukutani nyuma ya mapipa maana kila Jumamosi kuna mtu anataka kupigania. Inasema mwamuzi ataamua anapodaiwa. Haikusema adaiwe kwa makelele. Baba yako amekataza midomo, sivyo? Mikono je? Nyoosheni mikono, nyote kumi na mmoja, kimya kama mko darasani. Kama mwamuzi ana macho ataona.

Na huyo mwenye sharti mkumbushe kwamba kila mwaka anasimama mimbarini kuwahubiria watu kuwa asiyeomba hapewi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Hiyo ya mwisho usimsomee.

Wasalimie wote wa nyumbani, waliouliza hali yangu na wasiouliza.

Shangazi yako,
Zillah Stagg


Harclough
8 Novemba 1886

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti la mama limetulia tangu aanze kulipaka mafuta ya bata bukini. Dorcas anakushukuru kwa soksi za mtoto, ingawa kwa ukubwa wake zitamfaa akiwa askari.

Dawa yako imefanya kazi! Tulicheza na jamaa wa bonde la juu. Beki wao akaushika mpira mchana kweupe. Tukanyoosha mikono, sote, kimya kabisa. Uwanja mzima ukatulia. Kisha mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, naomba ruhusa nikojoe!" Watu walivunjika mbavu. Tangu siku hiyo kila tukinyoosha mikono wanatuimbia kama watoto wa shule. Lakini waamuzi wanaona, refa anaona, na tumeshinda mbili kwa moja! Nat alilia tena, safari hii kwa furaha.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Baba aliweka kijiko chini akasema, "Mkono ukisema, umesema."

Nikamwambia, "Baba, ulikataza mdomo."

"Nilikataza kudai."

"Ulisema tusipige kelele."

Mama akauinamia uji wake mabega yakimtikisika. Nikaona nimalize kabisa, nikamkumbusha mahubiri yake ya asiyeomba hapewi. Akauliza, "Hilo umelitoa wapi?" Nikasema nimelitoa kanisani kwake. Hakukataza tena, ila Bwana Crompton amesikia na sasa anapita akisema mpira unafundisha vijana ujanja badala ya haki. Pia mwamuzi wetu, mzee Tattersall fundi cherehani, amejiuzulu. Anasema baridi inamwingia kwenye vidole na watu wanamtukania mama yake.

Shangazi, hukuuliza habari za baba. Yeye naye hakuuliza barua ile imetoka wapi, lakini alipoipokea kwa tarishi aliishika muda mrefu mlangoni, anaitazama stempu.

Wako,
Abner


Sheffield
15 Novemba 1886

Mwanangu,

Marahaba. Nina mafua na pipa moja linavuja, kwa hiyo sitasema mengi.

Mwamuzi mnaye nyumbani. Mpeni baba yako kijiti. Aliyetunga sharti naye akasimame nalo kwenye mvua.

Kuhusu stempu sina la kusema. Stempu ni stempu.

Z. S.


Harclough
10 Januari 1887

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Tumekula bata wa Krismasi mpaka mifupa, na ile pai yako ya nyama ilifika nzima isipokuwa kona moja, ambayo Dorcas anasema ni panya wa reli na mimi nasema ni Dorcas.

Baba ni mwamuzi. Nilimwomba nikidhani atanifukuza. Akasema, "Kama ni kazi ya kusema kweli, nitaifanya." Mechi yake ya kwanza theluji ilikuwa inaanguka, naye amesimama na kofia yake ya mazishi, kijiti amekishika wima mfano wa mshumaa. Unajua waamuzi wengine wanavyopendelea timu zao. Yeye aliinua kijiti dhidi yetu mara tatu, sisi, timu yake, kanisa lake! Nat akamwambia, "Mchungaji, sisi ndio wako." Akamjibu, "Ndiyo maana, Pilling."

Lakini kuna kitu kimemwingia. Juzi wakati wa chakula alipanga chumvi, haradali na vikombe mezani, mama akadhani anatandika. Kumbe anapanga wachezaji. Akasogeza kikombe huku na huku, kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye haradali: "Huko Sheffield, wanasemaje kuhusu kuotea?"

Hapa hakuna mtu wa Sheffield, Shangazi. Nadhani alikuwa anakuuliza wewe.

Tumeingia robo fainali ya Kombe la Bonde. Bwana Crompton amesema kombe lingekuwa tunda la kuonekana kwa macho. Sasa kila mtu anajua: tukilikosa, mwezi wa nne uwanja una mashuka.

Nikuulize jambo? Kila nikitaja jina lako hapa watu wazima wanakumbuka kazi iliyowasubiri chumba kingine. Wewe na baba mna nini? Na kwa nini usimwandikie yeye mwenyewe?

Abner


Harclough
21 Februari 1887

Shangazi,

Shikamoo. Je, barua yangu ya Januari imepotea, au mimi ndiye niliyepotea? Kama nimekukosea nisamehe, mdomo wangu hauna mlango.

Tuko fainali! Jumamosi ya kabla ya Pasaka, hapa hapa kwetu, dhidi ya Swifts wa Oxley, ambao ni wazuri kuliko sisi na wanajua. Nahodha wao alinisalimia sokoni kwa kunyoosha mkono. "Naomba ruhusa nipite," akasema. Bwana Crompton atakuja mwenyewe kutazama.

Nijibu hata neno moja.

Abner


Sheffield
2 Machi 1887

Mwanangu Abner,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Nilizisoma, nikafuta kaunta, nikazisoma tena, nikafuta tena. Kaunta sasa inang'aa kama kioo.

Hujanikosea. Umeuliza, na mtu akiuliza apewe jibu. Nilipoolewa na Reuben, baba yako hakuja harusini. Mchungaji hawezi kukanyaga sakafu ya baa, hata kama anayeolewa ni mimi dada yake niliyemlea mgongoni. Mimi sikumwita mara ya pili. Reuben alipokufa nilidhani atakuja, na pengine yeye alidhani nitamwita. Hakuna aliyesema. Miaka imekwenda namna hiyo, na niliumia, Abner, naumia mpaka sasa, kwa sababu kaka yangu ni huyo mmoja.

Usinisemee kwake. Nakujua, tayari umeshika kalamu. Weka chini. Mchezo wenyewe unakufundisha: mtazamaji hawezi kumdaia mchezaji. Mwenye dai adai mwenyewe.

Na huyo aliyeiuliza haradali, mwambie hivi. Mpira unapopigwa, mshambuliaji awe na wapinzani watatu mbele yake. Wakipungua, ameotea. Aangalie pale mpira unapoondoka mguuni, asingoje unapofika. Waamuzi wengi hukosea hapo.

Katika fainali vaeni soksi mbili mbili. Mkifungwa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini msifungwe.

Zillah


Harclough
11 Aprili 1887

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo! Sote wazima, goti zima, mtoto mzima, kaa kitini nikusimulie. Mama ananiambia nianze na salamu za watu wote lakini siwezi, zitafuata.

Watu walijaa mpaka kwenye ukuta wa reli. Bwana Crompton alikataa kiti, akaenda kusimama nyuma kabisa ya goli la Swifts la kipindi cha pili, katikati ya milingoti miwili, na kofia yake ndefu ya hariri, miguu ameitanua kama mwenye shamba. Ni shamba lake kweli.

Swifts wakatufunga moja mapema. Sisi tukarudisha baada ya mapumziko. Mvua, tope, tuko sare. Mwishoni krosi ikaja juu, nikaruka, mpira ukaingia. Swifts wote wakamkimbilia mwamuzi wao: "Ameotea! Ameotea!" Mwamuzi wao akainua kijiti, baba hakuinua. Wamepingana, kwa hiyo refa akaamua: hajaotea, goli. Kofia zikarushwa. Nilimwona Bwana Crompton anatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye harusi ya binti yake.

Shangazi, ule mpira niliuingiza kwa mkono. Sikukusudia, lakini ulinigonga hapa juu ya kiwiko na mkono ulikuwa bado unawasha. Hakuna aliyedai. Swifts wote walikuwa wanalia kuotea. Kisheria ni goli, na kombe, na uwanja ni wetu. Nikamtazama baba. Hakuwa ameuona, mgongo wangu ulimziba.

Nikanyoosha mkono.

Refa akashangaa. "Unadai nini tena? Goli nimekupa."

"Nadai mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Nahodha wa Swifts akawaambia wenzake, "Huyu kapigwa na jua." Na jua lenyewe hatujaliona tangu Agosti. Nat, huko golini kwake, alitamka neno ambalo siliandiki kwa kuwa karatasi hii inaweza kusomwa. Mwamuzi wa Swifts akakuna kichwa akasema sheria inataka mchezaji adai, haikutaja wa upande gani. Basi baba akainua kijiti dhidi ya mwanawe. Aliinua polepole. Goli likafutwa. Watu wakatuzomea, watu wetu wenyewe. Nilitamani nizame kwenye lile tope.

Zimebaki dakika chache. Wenzangu hawasemi nami. Winga wetu akapiga shuti, likawa linaingia, beki wa Swifts akalizuia kwa kiganja, paa! Mimi niko chini, nimeangushwa, nimemeza tope. Wenzangu wamesimama wanatazamana, hawajui tena kama ni halali kudai au ni dhambi. Hakuna hata mkono mmoja. Na mtu aliyeona vizuri kuliko wote ni baba, hatua chache tu kutoka pale, na mwamuzi asipodaiwa hatoi kitu. Nikainua uso nikamwona. Kijiti bado kiko chini. Uso umekuwa mwekundu kama tofali.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba yangu, Mchungaji Ephraim Haslam, ambaye sijawahi kumsikia akiita hata mbwa kwa sauti, alipasua koo:

"DAI, ABNER! DAI, MWANANGU! MBONA HUDAI?"

Naambiwa walisikia stesheni. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko, Swifts wengine wakakaa chini kabisa. Nikainuka, nikanyoosha mikono yote miwili, nikapiga kelele, "Mkono! Mkono! Mkono!" Kelele za miezi yote ile zilitoka siku hiyo. Mwamuzi wa Swifts alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka. Akasema, "Kijana aliyedai dhidi yake mwenyewe siwezi kumnyima," akainua kijiti chake pamoja na baba.

Mpira wa adhabu. Nikamgusia winga wetu, akapiga kwa nguvu zote, mpira ukapita pembeni mwa mlingoti, ukaendelea, maana magoli hayana wavu, ukaing'oa kofia ya Bwana Crompton mpaka kwenye mtaro.

"Umepita nje!" Swifts wakalia. "Ndani!" watu wetu wakalia. Baba anasema ndani, mwamuzi wa Swifts anasema tope lilimwingia machoni. Refa akaenda kwa Bwana Crompton aliyesimama kichwa wazi kwenye mvua. Nahodha wa Swifts akasema kwa adabu, "Mzee huyu pengine alisogea kuukwepa mpira."

Lo! Bwana Crompton akavimba. "Kijana," akasema, "mimi Josiah Crompton sijawahi kusogezwa na mtu, sembuse mpira. Nilisimama katikati ya nguzo hizi tangu saa ya kwanza na katikati nipo. Tazama nyayo zangu!"

Refa akatazama nyayo, akatazama milingoti. "Basi ni goli."

Bwana Crompton akatazama nyayo zake katikati ya milingoti, akaelewa. Akainua ngumi juu: "Goli! Si nimesema? Goli!"

Mbili kwa moja, Shangazi. Nahodha wa Swifts alinipa mkono, akasema mwaka kesho atadai kila kitu, hata hali ya hewa. Mji mzima sasa unamwita Bwana Crompton Nguzo ya Tatu, naye anajifanya amekasirika. Uwanja umebaki. Ameniuliza tu kama msimu ujao tunaweza kumwekea kibanda, kwa ajili ya kofia.

Bado kidogo. Kesho yake ilikuwa Pasaka, siku kubwa ya mahubiri, na baba akapanda mimbarini hana sauti. Aliimaliza yote uwanjani. Akafungua kinywa, ukatoka mkwaruzo tu wa mlango. Watu wakajikaza wasicheke. Basi akasimama pale, akatutazama, na polepole akanyoosha mkono kuomba tuimbe. Kanisa lote likanyoosha mikono. Hata mama. Kisha tukaimba mpaka madirisha yakatikisika, na baba akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Leo asubuhi bado hana sauti. Nilikuwa naandika barua hii mezani, akaja akaketi karibu yangu. Nikamaliza ukurasa, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka haradali. Alitaka kalamu.

Sikumsemea, Shangazi. Naapa.

Abner

*Zillah, ninadai. Kaka yako, Ephraim.*


Sheffield
13 Aprili 1887

Kwa Abner, na kwa huyo aliyeandika mstari wa chini,

Kaunta leo haikufutwa. Wateja walijimiminia wenyewe, na wakiniibia nawasamehe.

Dai nimeliona na nimelikubali. Nilikuwa nalingoja siku nyingi.

Nakuja Jumamosi kwa treni ya mchana, na pai mbili, moja ya kuliwa na panya wa reli. Abner, umemaliza kazi yako vizuri, sasa kaa nyumbani na mama yako. Stesheni aje yeye peke yake. Nimezeeka, na huenda naye amezeeka, na siku hiyo kutakuwa na watu wengi. Tusije tukapitana.

Asimame pale treni inaposimama, anyooshe mkono. Nitamwona.

Zillah